Ulezi Hauombi Radhi

(Haya niliyasema Jumamosi jioni uani kwa rafiki yangu, Mikocheni, mbele ya watu kama arobaini, ndoo tatu za barafu na jiko la mishikaki. Nimeyanyoosha kidogo tu. Pale nilipokatishwa, nimeacha hivyo hivyo.)

Habari za jioni, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Poleni na foleni. Kuna dada pale nyuma ametoka Kimara, na mtu anayepanda daladala mbili Jumamosi jioni ili aonje pombe ya ulezi Mikocheni, huyo ana mapenzi ya kweli au ana kiu isiyo ya kawaida. Karibu sana, dada.

Mwenyeji amenipa dakika ishirini na ameniomba nisiongee kama daktari. Nitajitahidi. Vikombe vitatu vitapita kwa zamu, msimimine vyote kwa mpigo. Na mwenye kula mishikaki naomba afute midomo kabla hajanywa. Mafuta yakigusa kikombe povu linakufa, na povu langu lenyewe si la kujivunia, mtaona.

Mimi ni mtoto wa Marangu niliyekulia Magomeni. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpika mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, na nikienda likizo nilitumwa kuchanja kuni, kumenya ndizi na kufukuza kuku kwenye ulezi ulioanikwa. Sikuuheshimu ule ulezi hata siku moja. Nilipoanza kazi na kupata mshahara wangu nilikunywa bia ya chupa, ya baridi, kama watu wote. Kila Ijumaa: bia mbili, chapati mbili, maharage. Jumamosi nalala kutwa nzima nashika tumbo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Tumbo linajaa kama ngoma, naharisha wiki, linatulia siku mbili, linaanza tena. Nikaenda hospitali, wakasema taifodi, nikameza dawa. Hospitali ya pili wakasema amiba. Ya tatu, vidonda vya tumbo. Ya nne walipima wakakuta damu imeshuka, nikaambiwa ninywe rosela na nile matembele kwa wingi. Nilikula matembele mpaka jirani akaniuliza kama nimefuga sungura ndani. Miaka minne ilipita hivyo. Siwataji, na sina kinyongo nao, maana tumbo la Dar lina sababu mia moja za kuuma na wao walianza na zile za karibu.

Aliyenitoa huko ni daktari mmoja mtu mzima ambaye hakuanza na vipimo. Aliniuliza, "Mwanangu, Ijumaa unakula nini?" Nikamwambia. Akaandika kwenye karatasi: chapati, bia. Akaniambia hivyo viwili ni mtu na ndugu yake. Baadaye ikaja kupimwa damu, kisha kamera ikashushwa tumboni na vipande vidogo vya utumbo vikakatwa kwenda kuangaliwa. Ugonjwa wenyewe unaitwa seliaki.

Gluteni ni jina la protini zilizomo kwenye ngano, kwenye shayiri inayopikiwa bia, na kwenye rai, nafaka ya nchi za baridi. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika. Mwenye seliaki akiila, kinga ya mwili wake inageuka kuupiga utumbo wake mwenyewe, na vile vijidole vidogo vya ndani vinavyofyonza chakula vinasagika vikawa bapa. Unakula, chakula kinapita, damu haipandi. Matembele yangu yote yale yalikuwa yanapita tu kama abiria wa mwendokasi.

Mjomba wangu alivyosikia akasema, huo ni ugonjwa wa Wazungu, wewe umeutoa wapi? Nilimjibu kwamba katika nchi nyingi zilizopima, ni karibu mtu mmoja kati ya 100, na kwamba watoto waliokutwa nao kwa wingi kuliko wengine wote ni Wasaharawi, Waafrika wenzetu wa Sahara ya Magharibi: zaidi ya watoto 5 katika kila 100. Mjomba akanyamaza, akaendelea kula andazi lake.

Kabla sijasahau, maana hili linaumiza watu: kama unajihisi hivyo, usiache ngano kwanza ndipo ukapime. Kipimo cha damu kinatafuta alama za vita. Ukiacha ngano miezi kadhaa vita vinatulia, na kipimo kinaweza kukwambia huna kitu. Pima ukiwa bado unakula, halafu uache.

Basi, chapati niliizika baada ya mwezi mmoja. Nililia kidogo, nikala ugali, wali, mihogo, ndizi, nikaona kumbe nchi hii imenipikia tayari. Sambusa niliisamehe. Bia sikuweza. Watu wananiambia kunywa wine, kunywa soda, rafiki mmoja akaniambia hamia Konyagi, pombe iliyokenekwa, ile inayokusanywa kwa mvuke, gluteni haivuki nayo. Ni kweli haivuki. Lakini Konyagi haina povu, haina uchungu ule wa nyuma ya ulimi, na ukinywa kwa kasi ya bia unalala mapema. Nilichokuwa nakililia ni kile kikombe kirefu cha jioni, jua likishuka, mtu anasema neno moja kila baada ya dakika kumi.

Binamu yangu ni baharia. Nilimwomba, akaniletea. Safari ya kwanza alikuja na chupa ya Daura kutoka Hispania, ya kampuni ya Damm. Tamu kweli. Inanukia bia, kwa sababu ni bia ya shayiri kabisa. Wanachofanya ni kutumia kimeng'enya kinachokata ile gluteni vipande vipande. Kuna cha aina hiyo kinachotokana na kuvu, na viwandani kilianza kutumiwa ili bia ibaki angavu, isififie kama ina wingu ikipoa. Kuja kuwafaa watu wa aina yangu ilikuwa ziada. Ulaya bia ya namna hiyo ikipimwa chini ya kiwango wanaruhusiwa kuandika haina gluteni. Marekani wamekataa. Tangu 2020 wanasema kilichochachushwa lazima kianze na nafaka isiyo na gluteni, kwa sababu vipimo havivioni vizuri vile vipande vilivyokatwakatwa, na haijulikani kila mwili utavipokeaje. Daktari wangu yuko upande wa Marekani. Ile Daura nilionja vijiko viwili, nikampa mume wangu, nikamwangalia akinywa. Hamjawahi kuona ndoa ikijaribiwa.

Tuelewane kuhusu hicho kiwango. Kipimo cha kimataifa, cha Codex, wale wanaopanga viwango vya chakula duniani, kinasema chakula kinachoitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 katika kilo moja. Punje moja ya mchele ina uzito wa karibu kiasi hicho. Pima kilo ya mchele, toa punje moja. Hiyo punje ndiyo nafasi yote uliyonayo.

Safari ya pili alileta chupa ya mtama. Jina silitaji, na nasikia siku hizi wamerekebisha. Ilitengenezwa kwa asali nzito ya mtama, ile wanayouziana kwa ndoo. Ladha yake ilikuwa kama kunyonya shilingi. Uchachu wa chuma mbele, utamu mtupu nyuma, katikati hakuna mtu. Nikasema kama hii ndiyo bia ya wagonjwa, basi nimekuwa mgonjwa kweli.

Safari ya tatu ndiyo iliyonileta mbele yenu. Makopo mawili ya bia ya Glutenberg, kutoka Montreal, Kanada. Hawa walianza 2011, na mwaka uliofuata kwenye mashindano ya World Beer Cup wakachukua medali zote tatu za kundi la bia zisizo na gluteni. Nikafungua moja, nikanywa, nikasoma kopo. Nikasoma tena. Nafaka ya kwanza ni jamaa ya ulezi na uwele wetu. Halafu mahindi. Halafu mbegu za mchicha! Mimi niko Sinza, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nakunywa kitu kilichovuka bahari, na ndani yake mna vitu ambavyo nikitembea robo saa kwenda sokoni Tandale navikuta kwenye magunia.

Sikufurahi. Nilikasirika. Nilijikasirikia mwenyewe.

Maana tumefundishwa kwamba bia ni shayiri. Bavaria walitunga sheria mwaka 1516 kwamba bia ni shayiri, hopsi (yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu) na maji, na ilikuwa na maana kwao huko, ngano ibaki kwa waoka mikate. Wazo hilo likasafiri. Kiwanda cha bia kimekuwepo hapa Dar tangu miaka ya 1930, na enzi hizo bia ya chupa ilikuwa ya Mzungu, Mwafrika akiwekewa vizuizi kuinunua. Yeye alikuwa na kilabu chake cha pombe. Vizuizi viliondoka, maneno yakabaki: ya chupa ni bia, ya bibi ni pombe ya kienyeji. Hata mimi mjukuu wa mpika mbege nilisema hivyo. Na wale walionyonyesha shilingi ulimi wangu nao walikuwa na shayiri kichwani. Waliuchukua mtama wakauvalisha shati la mtu mwingine, halafu wakashangaa shati halimkai.

Hebu nisaidieni kugawa kikombe cha kwanza. Kidogo kidogo. Wakati kinapita niwaambie kimetoka wapi.

Kuna mtu humu hajawahi kunywa togwa? Hakuna. Vizuri. Togwa inatengenezwaje? (Mama mmoja mstari wa mbele: "Unapika uji, unaacha upoe, unatia kimea!") Umesikika, mama. Unapika uji mzito wa mahindi, unauacha upoe uwe vuguvugu, unatia kimea cha ulezi, na baada ya muda ule uji unalegea, unakuwa mwepesi na mtamu bila kuongeza sukari. Sukari imetoka wapi? Kimea ni nafaka iliyooteshwa. Ikiota inatengeneza vimeng'enya vya kukata wanga kuwa sukari ili mche ule. Wewe unamwibia mche chakula chake.

Sasa mpika bia ya shayiri ana bahati. Wanga wa shayiri unalainika kwenye nyuzijoto 60 hivi, na vimeng'enya vyake vinafanya kazi vizuri hapo hapo. Anamwaga maji ya moto kwenye kimea kilichopondwa, anafunika, anasubiri saa moja, kazi imekwisha. Ulezi na mtama si wepesi hivyo. Wanga wao unataka joto zaidi, kupita 70 mara nyingine, na ukifika huko vile vimeng'enya vinavyotengeneza sukari ya kuchachuka vimeshaanza kufa. Ukiweka joto la chini, wanga haufunguki. Ukipandisha, wakataji wamekufa. Pishi langu la kwanza lilikuwa uji uliopoa. La pili pia. La tatu nilimwaga kwenye mfereji usiku ili majirani wasione.

Wapika bia wa nafaka hizi huko Marekani wameutatua ugomvi huo hivi: wanaloweka kimea kwenye maji ya vuguvugu, wanachota yale maji ya juu yaliyobeba vimeng'enya na kuyaweka pembeni, wanaupika ule unga uliobaki mpaka ulainike, wanaupoza, halafu wanayarudisha yale maji. Nilisoma hayo saa tano usiku nikaanza kucheka peke yangu. Pika uji, poza, tia kimea. Togwa! Nilikuwa nimeshika simu nasoma kwa shida kitu ambacho mama huyu ametusomea sasa hivi kwa pumzi moja.

Haya, onjeni. Hiki ni cha ulezi na mchele kidogo wa kukipunguzia uzito. Kilo 7 za kimea kwa lita 20, ambazo ni nyingi, mwenye shayiri angetumia pungufu. Ulezi nilinunua Tandale, nikauchagua kwa mkono kwenye ungo punje kwa punje, siku tatu, mimi na dada wa nyumbani. Nikauloweka, nikauotesha kwenye gunia bichi. Hapa Dar unaota upesi ajabu, na ukilala tu unaingia ukungu. Ukinusa harufu ya godoro lililonyeshewa, tupa lote, usionee huruma hela yako.

Mnaonja nini? (Kijana mmoja: "Mkate?") Kijana, mkate mimi nilishausahau, lakini nakuelewa. Wengine? ("Karanga mbichi." "Ganda la limao.") Limao ni hopsi, nimetia mwishoni kabisa wakati natoa motoni ili harufu isipae. Ule ukaukau wa mwisho, kama umelamba gome, huo ndio ulezi wenyewe. Mwanzoni nilikuwa napambana nao. Nikaongeza sukari kuuficha, nikaongeza hopsi. Siku moja nikauacha, nikala na samaki wa kukaanga, nikaona ule ukavu unafagia mafuta ya samaki mdomoni na ulimi unadai kipande kingine. Tangu hapo siugusi.

Povu, sasa. Angalieni kwa haraka kwa sababu linaondoka. Kwenye bia ya shayiri kuna protini zinazolishika povu likasimama. Sisi hatuna. Povu la ulezi ni kama mgeni wa heshima, linaingia, linasalimia, linaaga. Wapo wanaolisimamisha kwa mbinu mbalimbali. Mimi nimeamua kuishi nalo.

Na joto. Chachu nyingi za bia zinataka nyuzijoto 20 hivi, na hii ni Dar es Salaam, Februari jikoni kwangu ni 33. Zikipata joto hilo zinatoa harufu ya rangi ya kucha. Nilijaribu beseni la maji na taulo bichi, umeme ukakatika, feni ikasimama. Kilichoniokoa ni chachu za mashambani za magharibi mwa Norway, zinaitwa kveik. Watu wa baridi kali, chachu yao inafurahia nyuzijoto 35 na zaidi! Siku tatu imemaliza kazi, inatoa harufu kama ya chungwa. Binamu aliniletea pakiti mbili, nami nazirithisha kutoka ndoo hadi ndoo, kama bibi alivyokuwa akibakiza mashapo ya mbege. Norway wanafanya hivyo hivyo, wanazikausha na kuzihifadhi vizazi na vizazi.

Kikombe cha pili kije. Chekundu hicho, ni mtama mwekundu wa Dodoma na ukwaju. Hapa naomba utulivu kidogo, maana mtama una jambo lake. Wafugaji mliomo humu mnajua: ng'ombe akiingia shamba la mtama mchanga anaweza kufa papo hapo. Kile kichipukizi kina sumu, jamaa ya sayanidi. Sasa mimi naotesha mtama ili nipate kimea, maana yake natengeneza vichipukizi. Kwa hiyo ukishakauka vizuri lazima uusugue, vimizizi na vichipukizi vyote vidondoke, uupepete kwenye ungo mpaka ubaki punje tupu, na baada ya hapo unachemshwa sufuria wazi. Msiende nyumbani mkaotesha mtama mkatafuna. Nimesema, mama mwenye nyumba ni shahidi.

Mtama mwekundu una ukakasi; mkulima anaupenda kwa sababu ndege hawaupendi. Mpika bia anauogopa kwa sababu hiyo hiyo. Nikawaza: kitu gani Dar kina ukali wa kuusimamia ukakasi? Nikiwa njiani, jua la saa nane, nikanunua juisi ya ukwaju, jibu likaja na chupa. Ukwaju nautia ndoo ikiwa imeshachachuka siku mbili. Uchachu wake unauvuta ule ukakasi mbele, unakuwa kama ganda la zambarau. Chukueni na mshikaki, mtie na pilipili. Mnaona? (Kelele.) Asanteni. Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, ingawa mume wangu anasema ni juisi iliyokwenda jando.

Kuchuja ilikuwa balaa. Shayiri ina maganda yanayotengeneza chujio lenyewe. Ulezi na mtama hauna, unakuwa saruji. Dawa ni pumba za mpunga zilizooshwa sana, unachanganya. Gunia zima mashineni nilipewa bure, yule kijana akadhani nafuga kuku.

Hiyo mashine ndiyo nataka kuizungumzia kwa uzito, na hapa sitanii.

Mwaka juzi nilipika pishi zuri kuliko yote. Ulezi safi, nimeuchagua mwenyewe. Kwa uvivu nikaupeleka kusagwa mashine ya mtaani. Nikanywa vikombe viwili. Siku tatu sikutoka kitandani. Nikarudi kumuuliza kijana wa mashine, kabla yangu ulisaga nini? Akasema, unga wa lishe wa mama fulani. Unga wa lishe, ndugu zangu: mahindi, soya, karanga, ulezi, na ngano. Ile ngano iliyobaki kwenye meno ya mashine ilitosha kunilaza. Kumbukeni ile punje moja ya mchele.

Kwa hiyo mtu akikwambia hii ni ya mtama, kunywa tu haina shida, usichukulie nafaka peke yake. Nigeria walipopiga marufuku kuingiza shayiri, mwaka 1988, viwanda vikahamia mtama na mahindi, na watu wakanywa wakazoea. Uganda wana Eagle Lager ya mtama tangu 2002. Mambo mazuri, mkulima wetu anauza. Lakini hizo zilitengenezwa kwa ajili ya bei na shamba, hakuna aliyekuwa anaufikiria utumbo wangu. Mtama unaweza kuchanganywa na shayiri kiwandani, na bomba likapitisha bia nyingine jana yake. Hata ya kilabuni, mwulize anayepika: kimea umeotesha nini, umesaga wapi? Akikukasirikia usinywe. Bibi yangu angekujibu mpaka jina la aliyemuuzia.

Ndiyo maana chupa zangu hamtaona nimeandika hakuna gluteni. Nina vijiti vya kupimia, napima kila ndoo, na mpaka sasa viko safi. Lakini kijiti cha nyumbani si maabara. Nimeandika tu: ulezi, mchele, hopsi, chachu, umesagwa nyumbani kwa mashine ya mkono. Na hii haiuzwi, afisa yeyote aliyepo humu asihangaike. Siku nitakayouza nitapeleka TBS, shirika la viwango, kwanza.

(Kaka mmoja: "Sisi wengine tunakula chapati bila shida. Kwa nini tunywe hii?") Swali zuri, kaka. Kwa ajili ya afya, usinywe. Mtu asiyekuwa na shida na gluteni haponi kitu kwa kuiacha, na pombe ni pombe. Kunywa kama umeipenda. Cha pili umemaliza? ("Nimemaliza.") Basi.

Wako watu waliofika mbali zaidi. Portland, Oregon, huko Marekani, kiwanda cha Ground Breaker kwa bia yao walikaanga chestinati, aina ya kokwa, na adesi, adesi hizi hizi za mchuzi wa Zanzibar. Usingeinywa ukasema inafanana na ya shayiri, hawakutaka ifanane. Mimi nikipata nafasi najaribu uwele wa Singida, na muhogo, ingawa muhogo umenishinda mara mbili. Chupa moja ya muhogo ilipasuka stoo saa tisa usiku, mlinzi wa jirani akapiga filimbi.

Cha tatu. Hiki hakipiti kwenye vikombe vya plastiki, nimekuja na kata. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, wajue haina sumu. Nimeonja.

Hii ni ndizi zilizoiva, nimezichemsha mpaka zikawa nyekundu, nikazifunika siku kadhaa, nikakamua. Nikachanganya na ulezi ambao nusu yake nimeukaanga kwenye kikaango cha chuma mpaka ukatoa moshi wa kahawa. Hopsi humu hakuna. Uchungu ni wa gome la msesewe, ule mti ambao bibi alinituma kuuliza bei yake na nikarudi na pipi. Gome kidogo sana, kipande cha kidole kwa ndoo. Na ni mti wa ukoo ule ule uliotoa dawa ya presha, kwa hiyo mzee yeyote anayemeza vidonge vya presha namwomba arudi kwenye kikombe cha pili. Ina kilevi asilimia 4 hivi kwa kipimo changu. Waendesha magari, maji yako kwenye ndoo ya bluu.

Nimeipika mara kumi na moja. Bibi hakuniachia maandishi, na alipofariki nilikuwa bado nakunywa ya chupa. Mama anakumbuka harufu tu. Anakuja jikoni, ananusa, anasema bado, anaondoka. Mara ya tisa alisimama mlangoni muda mrefu kidogo.

Mzee wangu wa Rombo, wewe hapo kwenye kiti cha kwanza, umesema huna presha. Kata ni yako. Kunywa taratibu, halafu uniambie mbele ya watu hawa kama naruhusiwa kuiita mbege.

(Alikunywa. Akafuta midomo. Akasema hapana, ndizi nimezitoa motoni mapema. Kisha akaishika kata, akauliza kama imebaki.)